Mtu wa Tisa

Swali lilikuwa na maneno matatu tu: "Watu wangapi wameshuka?" Nililiandika Jumamosi mchana, ofisini Shinyanga, nikiwa peke yangu, na nikaliona ni swali safi. Nimeandika maswali mengi ya kwenye simu, na nikisema najua kuandika swali sijisifu, ni kazi niliyojifunza kwa taabu. Lile lilikuwa safi. Ndilo lililosababisha mtu akatwe mguu, na ndilo lililomwondoa kazini kijana aliyekuwa bora kuliko mimi. La pili ningeweza kulizuia kwa kufungua mdomo. Naandika sasa, kabla sijaanza kujikumbuka vizuri kuliko nilivyokuwa.

Wakati ule nilikuwa na miezi mitatu katika cheo cha kaimu mkurugenzi wa bidhaa. Kampuni yetu ni ndogo, iko ghorofani juu ya duka la pembejeo, na harufu ya dawa za pamba hupanda ngazi pamoja na wateja. Tunatengeneza huduma za kwenye simu kwa ajili ya wachimbaji wadogo na wakulima. Niliingia pale kama msaidizi, nikawa meneja wa bidhaa, kisha meneja mwandamizi. Mama yangu, aliyeko Samuye, hakuwahi kukielewa cheo chochote kati ya hivyo.

"Bidhaa gani?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Si za dukani, mama. Ni vitu vya kwenye simu."

"Vocha?"

"Hapana."

"Watu wa kwenye simu ndio waliomtapeli baba yako mdogo."

Nilipompigia kumwambia kwamba sasa nakaimu ukurugenzi, aliuliza kukaimu ni nini. Nikamweleza: nafanya kazi yote ya mkurugenzi, ila bado sijathibitishwa. Akasema, "Aa. Unawapikia, lakini hawajakutolea ng'ombe." Sijasikia mtu aliyeeleza ukaimu vizuri zaidi.

Chuo sikwenda. Baada ya kidato cha nne nilikaa nyumbani mwaka mzima, nikaja mjini kukaa kwa shangazi, nikajifunza kazi hii kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa kununua bando la saa chache na kutazama masomo kwa kasi maradufu ili bando litoshe. Maneno niliyokuwa siyaelewi niliyaandika kwenye daftari. Nilipoajiriwa nilikuwa na madaftari sita, na hofu moja: kwamba siku moja mtu ataniuliza cheti. Hakuna aliyeuliza. Hofu haikuondoka, iligeuka kuwa tabia. Nilisoma kila ujumbe mara nne kabla ya kuutuma. Nilikuwa naweza kuona vitufe viwili visivyolingana kwenye skrini nikiwa mlangoni. Mtu mwenye cheti akikosea, amekosea. Mimi nikikosea, nimejulikana.

Mkurugenzi mtendaji wetu ni mtu wa makamo aliyekulia Mwadui, kwenye nyumba za mgodi zilizojengwa kwa mistari, na hata leo hupanga kalamu zake mezani kwa urefu. Siku aliyonipa ukaimu alinifungia mlango akaniambia, "Kuanzia leo nikikuona unagusa skrini nakukata vidole. Kazi yako si skrini tena. Kazi yako ni watu wanaogusa skrini." Nilicheka. Niliiandika sentensi ile kwenye daftari la saba na kuipigia mstari kwa rula.

Kuandika nilijua. Kuishi hivyo ndiko kulikonishinda. Nilipokuwa meneja, jioni nilikuwa na kitu cha kuonyesha: swali limeandikwa, kosa limeonekana, mteja amejibiwa. Sasa nilikuwa natoka kwenye kikao naingia kwenye kikao, nasikiliza, nauliza, naahidi kurudi na jibu, na jua likizama sikuwa na ushahidi wowote kwamba nilikuwepo. Nikaanza kufungua kazi za watu, kidogo tu, kurekebisha neno, kusogeza kitufe. Baada ya wiki chache nilikuwa nafanya kazi za watu wanne, na hao wanne walikuwa wameanza kuniletea kazi nusu. Siwalaumu. Nani amalize shamba akijua mwenye shamba atakuja kulilima upya?

Mmoja tu hakuniletea kazi nusu, naye ni yule kijana wa Kishapu. Nilikuwa nimemzidi umri kwa mwaka mmoja. Tulianza wote tukiwa wasaidizi, tukila wali maharage kwenye sahani moja siku za mwisho wa mwezi, na nilipopanda yeye ndiye aliyeichukua huduma niliyokuwa nayo, ile niliyoipenda kuliko zote. Tuliiita daftari la duara.

Huku kwetu shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo huitwa duara. Daftari letu lilikuwa simu moja inayokaa mdomoni mwa duara, mikononi mwa msimamizi wa zamu. Watu wakishuka anaandika, wakipanda anaandika. Zamu ikiisha au udongo ukitembea, na kuna mtu hajapanda, simu inalia, na ujumbe unakwenda kwa mwenye duara na kwa maduara ya jirani ili waje kuokoa. Ni jambo rahisi kulieleza. Lakini kwa mwaka mzima nilipolisimamia mimi, wasimamizi hawakuandika kitu, na sikujua kwa nini.

Yeye alikwenda kukaa kule upande wa Geita wiki tatu. Alirudi amekonda, viatu vimekuwa vyekundu, na jibu mkononi. Aligundua kwamba kila anayeshuka huvua kandambili zake na kuziacha kwenye ubao ulio mdomoni mwa duara, akavaa mabuti ya kushukia. Akipanda anavaa zake. Hakuna aliyepanga hivyo. Msimamizi akitaka kujua nani bado yuko chini, anatazama ubao. Basi kijana akaifanya simu iulize kitu kimoja: piga picha ya ubao. Picha wakati wa kushuka, picha wakati wa kupanda. Kwenye maduara aliyoijaribu, wasimamizi wote walipiga.

Ningepaswa kusimama nimpigie makofi. Nilimwambia, "Vizuri sana," nikarudi mezani kwangu.

Nitasema ukweli ulivyo. Alhamisi iliyofuata tulikuwa na wageni, watu wa kutoka nje ambao wangeamua kama daftari litapelekwa kwenye maduara mengi zaidi, na mimi ndiye niliyekuwa wa kusimama mbele yao kwa mara ya kwanza nikiwa na cheo. Niliifungua ile kazi Jumamosi ili nijiandae. Skrini nzima ilijaa kandambili. Kandambili zilizolika kisigino, zilizoshonwa kwa waya, na katikati jozi ya katambuga, zile za tairi, kama alizokuwa akivaa baba yangu kwenda mnadani. Niliona aibu. Nilijiona nimesimama mbele ya wageni wale na viatu vya baba yangu ukutani. Nilitaka namba. Nilitaka waone "Waliomo chini: 8" kwa herufi kubwa, katikati, ikiwa na nafasi sawa pande zote.

Kijana hakuwepo. Alikuwa kwao Kishapu anamzika mjomba wake. Kazi yake ilikuwa imepitishwa tangu Ijumaa, kwa jina lake, ikisubiri kutumwa Jumatatu. Mimi nilikuwa na funguo za kila kitu. Nikaingia ndani ya kazi ileile, nikaitoa picha, nikaandika swali langu la maneno matatu, nikaweka sharti kwamba bila kujaza namba huwezi kuendelea, nikafunga. Jina juu yake lilibaki la kwake. Sikufanya hivyo ili kumtega, naomba niaminiwe kwa hilo. Sikufikiria jina kabisa. Nilikuwa na furaha, furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nipewe ukaimu. Nilinunua soda nikanywa nikitazama skrini.

Alirudi Jumanne. Alikuja mezani kwangu na kipara kipya cha msiba.

"Pole sana," nikamwambia.

"Asante. Dada, umeweka hesabu."

"Ndiyo. Ile ya picha ilikuwa inakwamisha simu."

"Watu hawatahesabu."

"Watazoea."

"Dada, wewe unajua."

"Ninajua nini?"

Alinitazama kama anayeamua jambo, kisha akasema, "Sawa, bosi." Alikuwa hajawahi kuniita bosi. Nikaona ni adabu.

Nilijua, bila shaka. Mimi ndiye niliyemsimulia. Tulikuwa safarini kwenda Geita, kwenye gari la ofisi, nikamweleza kama kichekesho habari ya karani wa sensa aliyekuja kwetu Samuye nikiwa sekondari. Kwa Wasukuma wa kwetu, watu hai hawahesabiwi kwa namba yao ya kweli, kama ng'ombe wasivyohesabiwa kwa sauti zizini. Ukilazimishwa kuhesabu, unaongeza mmoja asiyekuwepo, ili baya likija kumtafuta mtu, limchukue huyo. Karani alimuuliza mama ana watoto wangapi. Mama akasema saba. Mimi nikatoka ndani na kitabu mkononi nikasema, "Tuko sita." Karani akafuta, akaandika sita. Mama hakunisemesha mpaka jioni ya siku ya pili. Mwaka mzima nilingoja nione kama kuna atakayekufa. Hakufa mtu. Nikajiona nimeshinda. Kijana alicheka nilipomsimulia, akaniambia bibi yake alikuwa akigawa viazi kwa wajukuu na siku zote kipande kimoja kilibaki kwenye sinia bila mwenyewe.

Wageni walipenda. Namba ilikaa katikati ya ukuta, kubwa, na mmoja wao akaipiga picha kwa simu yake. Mkurugenzi mtendaji alinipa mkono. Kwa wiki tano hivi, nilidhani nimekuwa mkurugenzi.

Kisha udongo ukatembea kwenye duara moja la huko Geita, mchana, watu wakiwa kazini. Haukuwa mporomoko mkubwa. Wote waliokuwa chini walipanda wenyewe, wamejaa vumbi, mmoja amechubuka bega. Walikuwa wanane. Simu ikalia: tisa wameshuka, nane wamepanda.

Msimamizi wa asubuhi, Msukuma, ndiye aliyekuwa amejaza tisa. Swali langu lilikuwa limemlazimisha kuhesabu watu, naye akahesabu kama alivyolelewa: wanane, na mmoja asiye mtu. Alikuwa amefanya hivyo kila siku kwa wiki tano, na kila jioni alijaza tisa wamepanda, mambo yakaisha. Siku hiyo alikuwa amekwenda sokoni mara moja, simu akamwachia mwenzake anayetoka Singida, ambaye hakuwaona watu wakishuka. Huyu akaona tisa. Maduara ya jirani yakapata ujumbe, watu wakaja wakikimbia na kamba. Walioshuka asubuhi walikuwa wamegawanyika kwenye njia mbili chini ya ardhi, na kila upande ukadhani wa tisa alikuwa upande mwingine. Mmoja wa wale wanane, mchimbaji wa kutoka Kigoma, akavaa tena mabuti akarudi chini kumtafuta. Matimba, yaani zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta, yakaachia juu ya mguu wake.

Msimamizi wa asubuhi aliporudi, alipoambiwa wanamtafuta nani, alikaa chini kwenye kifusi akashika kichwa. "Wa tisa si mtu," akawa anasema. "Jamani, wa tisa si mtu."

Nililetewa habari hizo kwa simu nikiwa kwenye kikao. Nilizielewa papo hapo, zote, kuliko mtu yeyote mle chumbani. Nikaomba ruhusa, nikaenda chooni, nikatapika, nikanawa, nikarudi na kuandika ujumbe wa pole kwa niaba ya kampuni. Niliusoma mara nne.

Siku ya tatu mkurugenzi mtendaji alituita wote. Kazi ikawekwa ukutani. Akauliza, bila ukali, "Nani aliweka swali la hesabu?"

Juu ya skrini lilikuwepo jina la kijana. Watu wakamgeukia. Yeye akanitazama mimi. Hakunitazama kwa kunishtaki. Alinitazama kama mtu anayekupisha mlangoni: tangulia wewe. Mbele yangu palikuwa na chupa ya maji. Niliisoma lebo ya chupa yote, mpaka mji yalikojazwa maji hayo.

"Imetoka kwa jina langu," akasema hatimaye. "Ni kazi yangu."

Ningeweza kusema wakati huo. Ningeweza kusema mlangoni tulipokuwa tunatoka. Nilijiambia nitasema kesho, nikiwa nimepanga maneno vizuri. Hilo ndilo jambo la aibu kuliko yote: niliandika rasimu. Niliandika rasimu nne za ungamo langu, na kila moja ilikuwa na kasoro, nikaiacha. Huku yeye akaambiwa akae nyumbani kwanza. Siku ya tisa ikaja barua yake ya kuacha kazi, mistari mitatu, ikiniandikia mimi kama mkuu wake wa kitengo.

Barua ya kukubali ilitakiwa isainiwe na mimi. Ndiyo barua ya kwanza niliyosaini kwa cheo kile. Karani alipoileta nikaona kati ya maneno nafasi mbili zimeachwa mahali pa moja, nikamrudishia arekebishe. Akarekebisha. Nikasaini.

Siku ya kumi na mbili mkurugenzi mtendaji aliniita. Mezani kulikuwa na barua yangu ya kuthibitishwa. Akaisukuma mbele yangu, akaweka kalamu juu yake, sambamba na ukingo wa karatasi. Sijui ni ile kalamu iliyopangwa vile au ni nini. Nikasema, "Swali lile niliweka mimi."

Hakushtuka. Akasema, "Liliwekwa Jumamosi saa nane mchana. Ruhusa ya msiba nilimpa mimi mwenyewe. Mtu hawezi kuwa makaburini na kwenye skrini."

"Ulijua."

"Tangu siku ya kikao."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nijue utachukua siku ngapi." Akatazama kalenda iliyo ukutani, kweli kabisa, akahesabu kwa kidole. "Sasa najua."

Nikamwambia nadhani sistahili barua ile. Akasema yeye pia anadhani hivyo. Akasema aliyestahili ameondoka, na kampuni haiwezi kukaa bila mtu, na wageni wananijua mimi. Akasema yeye naye alikuwa na siku zilezile tisa tangu kikao, na alizitumia kunipima mimi badala ya kumrudisha kijana, na hilo atalibeba yeye. "Saini au usisaini. Ila usifanye kama ni zawadi."

Nilisaini. Wapo watakaosoma hapa na kuona ningeondoka. Mimi pia huona hivyo, siku nyingine. Lakini nilikuwa na mama Samuye, na madaftari saba, na hofu yangu ileile. Nikatoka mle ndani nikiwa mkurugenzi kamili. Nilimpigia mama. Akasema, "Basi wamekutolea ng'ombe." Nikasema ndiyo. Akauliza mbona sauti yangu iko hivyo. Nikasema mtandao.

Jambo la kwanza nililolifanya kwa cheo kile ni kurudisha picha ya ubao. La pili lilinichukua mwezi mzima kupata ujasiri: nilikwenda Geita kumwona yule mchimbaji wa Kigoma. Walikuwa wamemkata chini ya goti. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga mawe, na tulizungumza kwa sauti ya juu kwa sababu ya mngurumo.

"Mkurugenzi mwenyewe?" akasema. "Karibu, kaa. Hicho kiti kina miguu yote."

Nilimpa pole. Nikamweleza yale ambayo kampuni ingefanya. Akasikiliza kwa adabu, kisha akaanza kusimulia bila kuombwa.

"Mimi nilikuwa nimeshatoka. Nimeshavaa kandambili zangu. Nikatazama ubaoni, hamna kiatu cha mtu. Nikawaambia, jamani, mbona tupo wote? Yule wa zamu akanionyesha simu. Tisa. Na inalia. Sasa mimi ni nani nibishane na simu?"

"Ungebishana," nikasema, na papo hapo nikajua nimesema upumbavu.

"Mngeniwekea mahali pa kubishania." Akacheka kidogo. "Nasikia aliyeandika hilo swali mmemfukuza."

"Aliyeandika ni mimi."

Mkewe alikuwa mlangoni na chai. Alikuwa amesikia. Akaingia na vikombe viwili, kimoja akampa mumewe, cha pili akakaa nacho kitandani akakinywa mwenyewe, polepole, akinitazama, mpaka kikaisha. Nilikaa mpaka kikaisha. Nikaaga.

Safari ya Mhunze, huko Kishapu kwao kijana, niliifanya siku ya gulio, nikijidanganya kwamba kwenye watu wengi itakuwa rahisi. Kijana alikuwa na meza ya kutengeneza simu pembeni ya nyumba yao, na mwavuli, na foleni ya wafugaji waliokuja na fimbo zao. Alinisalimia kwa utani: "Shikamoo, bosi."

"Usinifanyie hivyo."

"Marahaba basi. Kaa, nimalizie hii."

Nilimwambia yote, mbele ya wale wafugaji: ya Jumamosi, ya chupa ya maji, ya barua. Nilisema nimemwambia mkurugenzi mtendaji, na kwamba nafasi yake ipo, na cheo ni kikubwa kuliko kile alichokiacha. Hakukuwa na rasimu. Nilirudiarudia maneno, nikajikwaa, na mzee mmoja kwenye foleni akajifanya anatazama mbuzi.

"Nimekusikia," akasema. "Sijakasirika kama unavyodhani. Nilikasirika mwanzo."

"Utarudi?"

"Hapana."

"Kwa sababu yangu?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kulifikiria swali kwanza, hilo nilikuwa nimelisahau. "Hapa nikifunga simu, imefungwa. Mwenyewe anaichukua anakwenda nayo. Kule kwako mtu akimaliza kazi hajui kama amemaliza."

Siku hizi, mtu wangu akiniletea kazi nikaona kosa, naweka mikono chini ya mapaja, nauliza, "Umeona nini ulipokwenda?" Mara nyingi nauliza vibaya. Mara nyingine kosa linakwenda hivyohivyo kwa wateja, dogo, na naukosa usingizi kwa ajili yake. Nadhani hiyo ndiyo kazi. Lakini siku ile Mhunze sikuwa nimefika hata hapo. Nilikuwa nimekaa tu kwenye kigoda, mkoba mapajani, nikimtazama anavyofungua skrubu ndogo na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa.

Mama yake alitoka ndani na maji ya kunywa. Nikasimama kidogo kumpokea kwa mikono miwili.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, kama mama yangu.

"Mwadila. Mhola?" akauliza kama ni salama.

"Mhola."

Akauliza nimetoka wapi. Nikasema Shinyanga mjini, lakini kwetu Samuye. Akafurahi, ana shemeji yake huko. Akauliza baba yupo, nikasema alishafariki. Akauliza mama, nikasema yupo, mzima. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akaikunja khanga, tayari kwa mazungumzo marefu, kama akina mama wa kwetu wanavyomfungua mgeni fundo moja baada ya jingine.

"Na kwenu mmezaliwa wangapi?"

"Saba," nikasema.

Kijana aliinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua. Akanitazama, bisibisi mkononi. Kisha akainama tena kwenye kazi yake. Hakunisahihisha.